Mtoto Aliyenyamaza Wodini: John Bowlby na Kazi ya Daktari wa Akili ya Watoto, 1936–1972

1.0 Utangulizi

Hadi katikati ya karne ya ishirini, mtoto mdogo aliyelazwa katika hospitali nyingi za Uingereza alitenganishwa na wazazi wake mlangoni mwa wodi. Mama alimkabidhi kwa muuguzi na kuondoka. Zilikuwapo hospitali zilizowaruhusu wazazi kuingia kwa saa chache tu za Jumapili mchana, nyingine ziliwazuia kabisa katika majuma ya mwanzo, na nyingine ziliwaruhusu kumchungulia mtoto akiwa usingizini, ili asijue kwamba wamekuja. Utaratibu huo haukutungwa kwa ukatili. Uliegemea hofu ya maambukizi katika zama ambazo dawa za viuavijasumu zilikuwa hazijaenea. Uliegemea pia jambo ambalo kila muuguzi aliliona kwa macho yake: mtoto alilia siku za kwanza, kisha akanyamaza, mzazi alipokuja kumtazama, kilio kilianza upya. Ilihitimishwa basi kwamba mzazi ndiye aliyevuruga utulivu wa wodi, na kwamba mtoto aliyenyamaza alikuwa amekwisha kuzoea.

Makala haya yanachunguza jinsi hitimisho hilo lilivyopingwa na hatimaye kuachwa. Yanafuatilia kazi ya John Bowlby (1907–1990), daktari Mwingereza wa akili ya watoto na vijana, pamoja na kazi ya wenzake wawili, James Robertson na Mary Ainsworth, kuanzia mwaka 1936, Bowlby alipoanza kazi katika kliniki ya watoto mjini London, hadi 1972, mafundisho yake yalipofanyiwa tathmini kubwa na daktari mwenzake wa fani hiyo hiyo. Hoja inayojengwa ina pande mbili. Kwanza, mchango mkubwa wa Bowlby ulikuwa namna mpya ya kuusoma ukimya wa mtoto. Dawa na mbinu za tiba zilikuwa na nafasi ndogo katika mchango huo. Pili, namna hiyo ya kusoma ilipotumika nje ya Uingereza, hususan katika vijiji vya Buganda miaka ya 1954 na 1955, ilianza kuyasahihisha mafundisho ya Bowlby mwenyewe kuhusu nafasi ya mama. Jambo lililokuwa likigombewa halikuwa la kitabibu peke yake. Liligusa haki ya kuwa karibu na mtoto mgonjwa, na liligusa pia swali la nani hubebeshwa lawama mtoto anapoharibika.

2.0 Kliniki na wezi arobaini na wanne

Tiba ya akili ya watoto ni tawi changa. Huko Marekani, Leo Kanner alianzisha huduma ya aina hiyo katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1930, na miaka mitano baadaye akachapisha kitabu cha kiada cha fani hiyo. Nchini Uingereza fani ilikua kwa njia tofauti kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 zilifunguliwa kliniki za ushauri wa watoto zilizofuata mfano wa Marekani. Katika kliniki hizo mtoto alihudumiwa na watu watatu: daktari wa akili, mwanasaikolojia aliyempima uwezo wake wa kufikiri, na mtumishi wa ustawi wa jamii aliyezungumza na wazazi. Mgawanyo huo ulikuwa na maana kubwa. Kwa mara ya kwanza historia ya nyumbani kwa mtoto iliandikwa kwa utaratibu na kuwekwa mezani kando ya matokeo ya vipimo vyake.

Bowlby alijiunga na kliniki ya namna hiyo jijini London mwaka 1936. Alizaliwa katika familia ya tabaka la juu. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri. Kama ilivyokuwa desturi ya tabaka hilo, alilelewa zaidi na yaya, ambaye aliondoka Bowlby akiwa na umri wa takriban miaka minne, na baadaye akapelekwa shule ya bweni angali mdogo. Waandishi wengi wa maisha yake wameyaona hayo kuwa chimbuko la nadharia yake. Maelezo hayo yana uzito, ila hayatoshi, kwa sababu maelfu ya Waingereza wa tabaka lake walilelewa hivyo hivyo bila kuandika nadharia yoyote. Jambo lililomtofautisha ni mahali alipofanya kazi. Baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge alifanya kazi kwa muda katika shule ya watoto wenye matatizo ya tabia, na humo alikutana na kijana aliyefukuzwa shule kwa wizi, ambaye hakuwahi kuwa na mlezi mmoja wa kudumu na hakuonyesha kumpenda mtu yeyote. Kumbukumbu ya kijana huyo ilimfuata Bowlby hadi kwenye kliniki ya London.

Matokeo ya kazi ya kliniki yalichapishwa mwaka 1944 katika jarida la uchanganuzinafsi. Bowlby alilinganisha watoto 44 walioletwa kliniki kwa sababu ya wizi na watoto wengine 44 walioletwa kwa matatizo mengine. Kati ya wezi hao, 14 aliwaweka katika kundi la watoto wasio na upendo, yaani watoto waliokuwa baridi kwa kila mtu, wasiojali kusifiwa wala kuadhibiwa. Kumi na wawili kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu katika miaka ya mwanzo ya maisha. Katika kundi la ulinganisho, watoto waliotenganishwa kwa namna hiyo walikuwa wawili tu.

Miongoni mwa visa vilivyoelezwa kimo kinachofungua njia ya sehemu zinazofuata. Mtoto mmoja alipatwa na dondakoo akiwa na umri wa miezi 18, akalazwa hospitalini kwa miezi tisa. Aliporudi nyumbani hakumtambua mama yake, alimwita nesi. Kwa vipimo vya hospitali mtoto huyo alikuwa amepona, na inawezekana kabisa kwamba wauguzi walimkumbuka kama mtoto asiyesumbua. Bowlby alikitazama kisa hicho kwa jicho jingine. Kwake, miezi tisa ya wodi ilikuwa sehemu ya historia ya ugonjwa, na kupona kwa koo hakukuifuta.

Utafiti huo ulikuwa na kasoro ambazo mtahini yeyote wa leo angezitaja mara moja. Aliyeamua ni mtoto gani hana upendo ndiye huyo huyo aliyejua ni mtoto gani alitenganishwa na mama yake. Taarifa za utotoni zilitegemea kumbukumbu za wazazi. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na wote walikuwa wamekwisha kuletwa kliniki, hivyo waliotenganishwa na mama zao wakakua salama hawakuonekana kamwe. Kwa maneno mengine, utafiti ulianza na mtoto aliyeharibika na kurudi nyuma kutafuta sababu. Bowlby aliutambua udhaifu huo, na ndiyo sababu baada ya vita alitaka kuanza upande wa pili: kumtazama mtoto wakati ule ule anapotenganishwa.

3.0 Vita na ripoti ya Shirika la Afya Duniani

Vita vya Pili vya Dunia viliyageuza mawazo ya kliniki kuwa suala la taifa. Katika siku za kwanza za Septemba 1939, serikali ya Uingereza iliwahamisha takriban watu milioni 1.5 kutoka mijini kwenda mashambani kwa kuhofia mabomu, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Mnamo Desemba mwaka huo, Bowlby na madaktari wenzake wawili, Emanuel Miller na Donald Winnicott, waliandika barua katika jarida la madaktari wa Uingereza. Walionya kwamba kuwahamisha watoto wa kati ya miaka miwili na mitano bila mama zao kungeweza kuleta madhara ya kudumu katika tabia zao. Ilikuwa barua fupi, lakini ndani yake daktari wa akili ya watoto alionekana akifanya jambo jipya. Alitoka kwenye chumba cha mgonjwa mmoja na kuzungumza na serikali kuhusu watoto ambao walikuwa bado hawajaugua.

Baada ya vita Bowlby alichukua uongozi wa idara ya watoto katika kliniki ya Tavistock mjini London, na akaibadilisha jina ili liwataje wazazi pamoja na watoto. Ulaya wakati huo ilijaa mayatima na watoto waliopotezana na jamaa zao. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani lilimwajiri kwa miezi kadhaa ili aandike kuhusu afya ya akili ya watoto wasio na makao. Alizuru Ufaransa, Uholanzi, Uswisi, Uswidi na Marekani, akazungumza na watendaji wa makao ya watoto na kusoma tafiti zilizokuwapo, ikiwamo kazi ya René Spitz kuhusu watoto wachanga waliodhoofu katika taasisi zenye chakula na usafi wa kutosha.

Ripoti yake ilitoka mwaka 1951 na kutafsiriwa katika lugha nyingi; toleo fupi la umma, lililotoka 1953, lilisomwa na watu wengi mno. Kiini chake kilikuwa kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu, wenye joto na usiokatika, pamoja na mama yake au mtu mmoja wa kudumu anayeshika nafasi ya mama, na kwamba pande zote mbili ziufurahie uhusiano huo. Ripoti ilisema pia kwamba jamii inayowathamini watoto wake inapaswa kuwatunza wazazi wao. Usomaji wa umma, kama itakavyoonekana, uliikumbuka sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili.

4.0 Wodi: kilio na ukimya

Kazi ya kumtazama mtoto wakati anapotenganishwa ilikabidhiwa kwa mtu ambaye hakuwa daktari. James Robertson, Mskoti, alikuwa amefanya kazi wakati wa vita katika vituo vya kulelea watoto vya Anna Freud huko Hampstead. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kutunza tanuri za kupashia majengo joto. Hata hivyo, Anna Freud alimtaka kila mfanyakazi, bila kujali cheo, aandike alichokiona kwa watoto. Humo Robertson alijifunza nidhamu ya kutazama na kuandika. Mwaka 1948 aliajiriwa na Bowlby na kutumwa wodini kuwaangalia watoto wadogo waliolazwa.

Alichokiona kilipingana na maelezo ya wauguzi. Kulingana na Robertson, mtoto mdogo aliyetenganishwa alipitia hatua tatu. Katika hatua ya kwanza alipinga: alilia, alitikisa kitanda, aliutazama mlango kila ulipofunguliwa. Katika hatua ya pili alikata tamaa: alinyamaza, alikaa bila kucheza, alikula kidogo. Katika hatua ya tatu alijitenga: alianza tena kucheza na kumchekea kila aliyepita, lakini mama yake alipokuja alimpokea kama mgeni, au alimgeuzia mgongo. Wauguzi waliiita hatua ya pili kutulia na hatua ya tatu kuzoea. Robertson aliiona hatua ya tatu kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kujifunza kutomtegemea mtu.

Tofauti kati ya maelezo hayo mawili haikutokana na takwimu. Wauguzi na Robertson waliwatazama watoto wale wale katika vitanda vile vile. Muuguzi aliyehudumia watoto wengi kwa zamu alikiona kilio kama tatizo na ukimya kama ufumbuzi. Robertson, aliyekaa kando ya kitanda kimoja kwa saa nyingi na siku nyingi, aliona ukimya ukija baada ya kilio kisichojibiwa. Kwa hiyo kilio kilikuwa bado dalili ya matumaini: mtoto anayelia anaamini kwamba yupo atakayesikia.

Madaktari hawakushawishika kwa maneno. Robertson akaamua kupiga filamu. Mtoto wa kike mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitano, aliyekuwa akiingia hospitalini kwa siku nane kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu, alichaguliwa kwa bahati kutoka katika orodha ya wagonjwa, ili asisemwe kuwa aliteuliwa kwa ulizi wake. Kila siku alipigwa picha katika muda uliopangwa, na saa ya ukutani ilionekana, ili isidaiwe kwamba zimeteuliwa nyakati mbaya tu. Ilitokea kwamba mtoto huyo alikuwa mwenye kujizuia kuliko umri wake. Hakupiga mayowe. Aliuliza mama yake yuko wapi, uso ukakunjamana, akajikaza. Mtazamaji aliyetarajia machozi mengi angeweza kuikosa huzuni yote iliyokuwamo.

Filamu ilioneshwa mbele ya chama cha madaktari jijini London mnamo Novemba 1952, na ikapokewa kwa hasira. Waliosikika walidai kwamba mtoto huyo si wa kawaida, kwamba wodi zao hazina watoto wa namna hiyo, na kwamba wauguzi wamedhalilishwa. Mmoja wa waliokasirika alikuwa Dermod MacCarthy, daktari wa watoto kutoka mji wa Amersham. Aliporudi wodini kwake aliwatazama upya watoto aliowazoea, akaona kile alichokikataa alipokuwa mbele ya filamu. Baadaye aliwafungulia akina mama milango ya wodi yake walale na watoto wao, na mwaka 1958 Robertson akapiga filamu ya pili huko huko Amersham, ikionyesha mtoto aliyelazwa pamoja na mama yake.

Haki inadai kueleza kwamba wazo la mama kulala hospitalini halikubuniwa na Bowlby wala Robertson. James Spence, daktari wa watoto mjini Newcastle, aliwapokea akina mama pamoja na watoto wao wachanga tangu miaka ya 1920. Mchango wa kundi la Tavistock ulikuwa kutoa sababu iliyoweza kusimama mbele ya kamati. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na mpasuaji Harry Platt ilipendekeza kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vikwazo vya saa, na kwamba nafasi itafutwe kwa mama wa mtoto mdogo kulala naye. Serikali iliyakubali mapendekezo, ila hospitali nyingi zilichelewa kuyatekeleza. Mwaka 1961, baada ya filamu za Robertson kuonyeshwa kwenye televisheni, akina mama wa London walianzisha chama cha kudai utekelezaji huo, wakafuatwa na wazazi wa miji mingine. Mlango wa wodi ulifunguliwa polepole, na mikono iliyousukuma ilikuwa mingi kuliko ya madaktari.

5.0 Buganda: nje ya wodi

Kasoro moja ilibaki katika ushahidi wote uliokusanywa London. Ulieleza kinachotokea kifungo kinapokatwa, lakini haukueleza jinsi kifungo chenyewe kinavyofungwa. Ushahidi wa upande huo ulitoka Afrika Mashariki.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alijiunga na kundi la Bowlby mwaka 1950 na kusaidia kuchambua maandishi ya Robertson. Mwaka 1954 alifuatana na mume wake kwenda Uganda, akapata msaada wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, Kampala, ikiongozwa na mwanaanthropolojia Audrey Richards. Aliteua familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Kwa miezi kadhaa alizitembelea takriban kila baada ya majuma mawili, akiwa na mkalimani wa Kiganda, akakaa nao sebuleni, akizungumza na mama huku akimtazama mtoto.

Ainsworth alikwenda akitarajia kuchunguza utengano. Alikuwa amesikia juu ya desturi ya Kiganda ya kumpeleka mtoto anayeachishwa ziwa kwa bibi au jamaa mwingine. Alikuta desturi hiyo kwa namna aliyoitarajia imekwisha kufifia, na watoto wengi wakiachishwa ziwa wakiwa kwao. Mpango wa awali ukavunjika, na badala yake akaona jambo lenye manufaa zaidi. Mtoto aliyeanza kutambaa alimwacha mama, akaenda kukichunguza kitu, akageuka kumtazama, akarudi, kisha akaenda tena. Mama alikuwa kama bandari ambayo chombo hutoka na kurudi. Mtoto mwenye bandari ya kuaminika alithubutu kwenda mbali zaidi.

Aliwagawa watoto hao katika makundi matatu. Kumi na sita walikuwa na kifungo salama. Saba walikuwa na kifungo chenye wasiwasi. Na watano walikuwa bado hawajaonyesha kifungo. Mgawanyo huo uliongeza jambo muhimu katika usomaji wa kilio na ukimya. Watoto wenye wasiwasi walilia sana hata mama akiwepo. Watoto wasio na kifungo hawakujali mama alipoondoka, na mmoja ambaye angewaona kwa mara moja tu angeweza kuwasifu kwa utulivu wao. Watoto salama walilia mama alipoondoka na kutulia mara aliporudi. Kwa hiyo wingi wa machozi peke yake haukuwa kipimo. Kilichopimwa ni kama kilio kilipata jibu. Ainsworth aliona pia kwamba akina mama walioweza kueleza kwa undani tabia na mapenzi ya mtoto wao, bila kupotoshwa na mazungumzo mengine, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto salama. Kujua huko kulitokana na kumtazama mtoto, kazi ile ile ambayo Robertson aliifanya wodini kwa malipo.

Jambo jingine alilolirekodi lilikuwa na uzito kwa nadharia nzima. Watoto wa Kiganda walifungamana na watu zaidi ya mama: baba, bibi, kaka na dada wakubwa. Mtoto aliyekabidhiwa kwa dada yake mchana mama akiwa shambani hakuwa mtoto aliyetenganishwa. Kitabu cha utafiti huo kilichapishwa mwaka 1967, na Bowlby alikitegemea sana alipoandika juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu, iliyotoka mwaka 1969, kueleza kukua kwa mwambatano, yaani kifungo cha kihisia kati ya mtoto na mlezi. Sehemu ya msingi wa nadharia ambayo leo hufundishwa kama zao la London na Baltimore iliandikwa kwanza katika nyumba za Buganda, mbele ya akina mama ambao majina yao hayamo katika historia ya fani.

6.0 Lawama juu ya mama

Mafanikio ya Bowlby yalikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na wanawake. Vituo vingi vya kulelea watoto vilivyofunguliwa nchini Uingereza wakati wa vita vilikuwa vimeanza kufungwa kabla ya mwaka 1951, kwa hiyo si sahihi kudai kwamba ripoti yake ndiyo iliyovifunga. Hata hivyo, ripoti iliwapa wapinzani wa ajira ya akina mama lugha ya kitaalamu. Hoja iliyotokana na watoto waliokaa miezi tisa hospitalini au miaka katika makao ya mayatima ilitumiwa dhidi ya mama aliyemwacha mtoto kwa jirani kuanzia asubuhi hadi jioni. Bowlby mwenyewe hakuwa huru na lawama hiyo. Maandishi yake ya miaka ya 1950 yaliweka mkazo mkubwa kwa mtu mmoja wa msingi, na mtu huyo karibu kila mara aliitwa mama.

Upinzani ulikuja kutoka pande mbili. Mwanaanthropolojia Margaret Mead alieleza kwamba katika jamii nyingi za dunia mtoto hulelewa na watu kadhaa bila kudhurika, na kwamba kulifanya tatizo la jamii moja kuwa sheria ya binadamu wote ni kosa. Mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mkusanyiko wa makala za kuitathmini upya hoja ya 1951. Makala ya Mead ilikuwamo, na ya Ainsworth pia. Upande wa pili ulitoka ndani ya fani. Michael Rutter, daktari wa akili ya watoto jijini London, alichapisha mwaka 1972 kitabu kilichochambua neno moja lililobebeshwa mambo mengi mno. Alionyesha kwamba kukosa kabisa mtu wa kufungamana naye si sawa na kumpoteza mtu uliyekuwa naye, na kwamba tabia ya uhalifu kwa watoto ilihusiana zaidi na ugomvi wa muda mrefu nyumbani kuliko na utengano wenyewe. Kwa kipimo hicho, takwimu za wezi 44 zilihitaji kusomwa upya: huenda yaliyowaharibu baadhi yao yalikuwa yale yaliyosababisha utengano, si utengano peke yake.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuuelewa mvutano huu, kwa maana methali zake zinaushikilia pande zote mbili. Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na husemwa pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ya kwanza humweka mama peke yake mbele ya hukumu. Ya pili hueneza wajibu. Ripoti ya 1951 ilisikika kama methali ya kwanza. Ushahidi uliokusanywa Buganda ulikuwa upande wa pili, ukiwa na sharti moja ambalo methali hailitamki: mikono hiyo iwe ile ile, siku baada ya siku, hata mtoto aijue.

Sharti hilo linaeleza kwa nini kukosolewa kwa Bowlby hakukuufunga tena mlango wa wodi. Waliompinga walikataa kwamba mama pekee ndiye anayeweza kulea. Hawakudai kwamba mtoto wa miaka miwili aliyenyamaza katika kitanda cha wodi, akihudumiwa na zamu tatu za wageni kila siku, alikuwa amezoea. Katika hilo Mead, Rutter, Ainsworth na Bowlby hawakutofautiana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kazi ya daktari wa akili ya watoto kutoka kliniki hadi wodini, na kutoka wodini hadi nyumba za vijijini Buganda. Yameonyesha kwamba mabadiliko makubwa zaidi yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa mabadiliko ya utaratibu: saa za kutembelea wagonjwa, kitanda cha mama kando ya kitanda cha mtoto, na swali jipya katika faili la mgonjwa kuhusu watu waliomlea. Mabadiliko hayo yalitegemea usomaji mpya wa ukimya. Mtoto asiyesumbua, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mfano wa matibabu yaliyofaulu, aligeuka kuwa mtoto wa kuchunguzwa kwanza.

Yameonyesha pia kwamba usomaji huo ulipokuwa makini uliwasahihisha waliouanzisha. Bowlby aliona utengano na akamtaja mama. Ainsworth alikaa katika nyumba ambamo mama, bibi na dada walipokezana mtoto mmoja, akaona kwamba kinachomshikilia mtoto ni jibu analolipata anapolia, na kwamba jibu hilo laweza kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja anayemjua. Kiswahili kina neno mlezi, ambalo halisemi kama ni mama, baba, bibi au jirani. Ripoti ya mwaka 1951 ilihitaji neno la namna hiyo, na kwa kulikosa iliwaachia akina mama wa kizazi kizima lawama ambayo ushahidi wake wenyewe haukuidhinisha.